Ugali wa Manjano Chini ya Bonneti

Mwaka huo tulikula ugali wa manjano mpaka ukatutokea puani. Mvua ilikuwa imekosa, mahindi yetu yakakauka yakiwa urefu wa goti, na tukaletewa mengine kutoka ng'ambo kwa magunia. Unga wake ulinuka gunia, ulinuka dawa, na ukiusonga ulikaa kwa sufuria ukikutazama kama jicho la mgonjwa wa nyongo. Asubuhi ucuru, uji wetu, wa manjano. Mchana githeri, mahindi na maharagwe, ya manjano, ngumu kama kokoto hata ukiichomea kuni zote za nyumba. Jioni ugali. Watoto walilia, wazee wakasema hicho ni chakula cha kuku, halafu wote wakala na kulamba vidole. Ukimuuliza mtu wa rika langu hapa Endarasha huo ulikuwa mwaka gani, hatakutajia tarakimu. Atakuambia "ule mwaka wa yelo," na atatema mate. Mimi sitemi. Ugali huo ndio ulinipimia injini, na nitaeleza vile ilikuwa, kwa sababu waliokuwa pale sasa wamebaki wachache na mimi ndiye mwenye mdomo.

Naandika kwa sababu Gathogo amekufa. Gathogo alikuwa fundi wa magari kule Nyeri mjini, mtu mkubwa kama mlango wa kanisa, na maneno yake yalikuwa makubwa kumliko yeye. Binti yake Muthoni alikuja kwangu juzi, akakaa jikoni kwa kile kiti kifupi, kitambaa kichwani, akaniambia, kama mjukuu kwa nyanya yake, "Cucu, baba aliacha neno moja tu. Anataka landrova yako ndiyo imbebe." Nikamwambia sawa, si neno, na nikabandika chai. Gathogo alikuwa amenunua shamba juu ya kilima cha darajani, akajenga huko, akisema anataka kuzeekea mahali alishindia. Lami imefika sokoni lakini kile kilima bado ni udongo mtupu, na wiki hii mbingu imemwaga. Gari ya kubeba maiti ingeishia mtoni. Kwa hivyo landrova ilikuwa neno la marehemu na pia ilikuwa lazima. Ya nani atashika usukani hatukuongea siku hiyo. Muthoni alipoenda nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaingia kwa banda la gari, nikaweka mikono kwa bonneti na nikalia vizuri, peke yangu.

Ya baba yangu na mama yangu siandiki hapa. Hawakuwa na mkono kwa hii injini. Mume naye alienda kutafuta kazi, akaipata na mke mwingine pamoja, na hiyo inatosha. Shule nilionja tu, nikatolewa nikachunge mbuzi. Lakini gari nilijua. Nilikuwa bado msichana wa miguu myepesi, mtoto wangu Wambui mgongoni, na nilikuwa na landrova kuukuu ya rangi ya kijani, iliyobabuka kama ukuta wa jikoni, niliyoipata kwa mzee mmoja wa kanisa aliyeshindwa nayo. Nilikuwa nikipanda nayo kwa wanawake wa huko juu karibu na msitu, nabeba waru zao, viazi vya huku kwetu, na kabichi, nateremka nazo hadi soko la Nyeri. Wanaume wakiniona kwa usukani walikuwa wanasimama kando ya barabara kama wameona ng'ombe akivaa viatu. Injini ilikuwa ya petroli, ya zamani, na huku kwetu juu, mlima Kenya ukiwa mbele na Nyandarua ikiwa mgongoni, hewa ni nyembamba. Ikipanda kilima ilikuwa inakohoa, inasimama, inatetemeka, kama mzee wa pumu aliyetumwa dukani.

Mvua ilirudi tukiwa bado tunakula yelo. Mahindi huku kwa baridi ni ya kungoja karibu mwaka, lakini waru ni ya kungoja kidogo tu, kwa hivyo wanawake wa juu walipanda waru kila mahali, hata mlangoni. Tulijua zikitoka, mji mzima utapata kitu kingine cha kutia mdomoni. Na hapo ndipo injini yangu ilichagua kufa. Ilichemka pale darajani, ikatoa moshi mweupe, nikasikia chuma kikipasuka ndani, taa!, kama mtu amevunja mfupa. Hata sijashuka, Ndiritu akafika. Ndiritu alikuwa dalali wa waru na mwenye trekta peke yake upande wetu. Landrova yangu ikikufa, kila mwanamke huko juu angemuuzia yeye tu, kwa neno lake yeye. Alikuja na cheni begani, akitabasamu kama bwana harusi.

"Mama Wambui," akasema, "hii sasa ni maiti. Wacha niivute kwangu, nitakupatia mbuzi."

"Na maiti unaitakia nini?"

"Nitafuga kuku ndani."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa bado kwa kiti, mtoto mgongoni, mvua inaingia kwa dirisha lisilo na kioo. Nilishika usukani na mikono yote miwili. Nikamwambia, "Hapana. Hii gari haiendi mahali bila mimi."

"Basi kaa humo humo utage na wenzako!" Watu wakacheka tena, hata mimi ningecheka kama si yangu. Kesho yake lori ya kabichi ilinivuta hadi Nyeri, na nilikuwa kwa usukani njia yote.

Garaji ya Gathogo ilikuwa chini ya soko, mabati matupu, ukuta mweusi wa mafuta ya miaka, na katikati magogo yaliyosimamishwa kwa kuning'iniza injini. Gathogo alifungua bonneti, akatazama, akaifunga polepole kama mtu anayefunika uso wa marehemu. "Hii usiniambie nitengeneze," akasema. "Hata nikiitengeneza itakufia tena pale pale. Wewe unataka injini ya lori. Ya dizeli. Na iwe na turbo." Nikamuuliza turbo ni mnyama gani. Hakunicheka. Alinitazama, akatazama jiko langu dogo nililokuja nalo kwa kupikia mtoto, akasema, "Ukitaka makaa yashike haraka unafanya nini?" Nikasema napepea na kifuniko cha sufuria. "Sasa ukipata mtu wa kukupepea jiko saa yote, bila kulipwa, bila kuchoka?" Akaniambia turbo ni chuma kama konokono kinachokaa kando ya injini. Moshi ukitoka unakizungusha, nacho kikizunguka kinasukuma upepo ndani, moto unawaka zaidi. "Huko kwenu hakuna hewa, sindiyo? Hii italeta yake." Nimesikia mahubiri mengi kwa hii maisha, lakini sijasikia mtu akieleza kitu kikaingia mahali pake vile ile iliingia.

Injini tuliipata Kerugoya. Lori ndogo ilikuwa imeanguka kwa mtaro, mbele ikiwa imepondeka lakini injini nzima na turbo yake, na mwenyewe alikuwa mkulima aliyesema magari yamemchosha, anataka maziwa. Nilikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba. Nilimpeleka. Nilimkabidhi kamba, nikamwambia anapenda kukunwa nyuma ya sikio, nikageuka haraka. Habari ilifika Endarasha kabla yangu. Sokoni Ndiritu aliniita kutoka upande mwingine wa barabara, watu wote wasikie: "Mama Wambui! Nasikia umebadilisha ng'ombe na chuma! Asubuhi unaikamua saa ngapi?" Mwingine akadakia, "Chai ya dizeli haitaki sukari!" Nilinunua chumvi yangu nikaenda. Sasa sikuwa na ng'ombe, sikuwa na gari, na Ndiritu alikuwa ameanza kuzunguka kwa wale wanawake akiwaambia wangoje trekta.

Mapatano yangu na Gathogo yalikuwa hivi: yeye na Wanjohi, yule mchomeleaji wake mwembamba, watafanya kazi, na mimi nitawapikia mpaka gari itembee. Nikalala nyuma ya garaji, chumba cha mbao, ukuta umebandikwa magazeti ya zamani ambayo sikuweza kuyasoma lakini nilijua picha zote. Kulikuwa na kitanda, gunia la unga wa yelo, na upande wa pili wa mbao kulikuwa na benchi la mafundi. Kila neno lilikuwa linapita. Wanaume wakidhani hawasikiki wanapiga domo kuliko sisi wanawake tukiteka maji. Nilijua nani ana deni la pombe, nani mke wake hamtaki. Na jioni moja, wakimaliza kula, nilisikia Wanjohi akiuliza kwa sauti ya chini, "Gathogo, hii kitu umewahi kuiweka kwa landrova?"

Kisha Gathogo, yule wa maneno makubwa, akasema, "Sijawahi. Sijaona hata mtu ameiweka. Lakini ukimwambia huyo mama nitakuchomelea mdomo."

Nilikaa kitandani na mtoto akinyonya. Ningeweza kutoka nje na kudai ng'ombe wangu. Nikafikiria sauti yake. Haikuwa sauti ya mtu anayedanganya, ilikuwa ya mtu anayeogopa na hana nia ya kuacha. Mimi nilijua hiyo sauti, ilikuwa yangu. Asubuhi nilimkatia kipande cha ugali kikubwa kuliko cha wote. Akaniuliza, "Leo nimefanya nini?" Nikamwambia, "Kula."

Kuunganisha injini ya lori na giaboksi ya landrova ni kama kuozesha watu wasioongea lugha moja. Matundu hayalingani. Gathogo alipaka grisi upande wa injini, akabandika karatasi ngumu ya sanduku, akapata alama za matundu yote, akafanya hivyo kwa upande wa giaboksi, akakata bamba la chuma lenye alama za pande zote mbili. Alilipeleka Murang'a kwa mtu wa mashine ya kukereza, akarudi amelibeba kifuani kama mtoto. Likakaa. Wanjohi akapiga mluzi. Lakini ile konokono sasa ilikuwa imekaa juu sana, na bonneti haikutaka kufunga vizuri. Ikifungwa na kugusa, joto la turbo lingeichoma rangi na mtikisiko ungeitoboa. Injini ikishushwa sana, tumbo lake linagonga ekseli ya mbele kila ukipita shimo. Ilitakiwa ikae katikati, na hiyo katikati ilikuwa nyembamba kama ukuta wa yai. Na bonneti ikifungwa huwezi kuona ndani. Utapimaje mahali jicho halifiki?

Wanjohi alisema akate bonneti, atoe tundu, konokono itokeze kichwa. Nikamwambia akijaribu nitamkata yeye. Nilikuwa nimeshika sahani zao za mchana, ugali umebaki kwa sababu ulikuwa wa jana na hata njaa ilikuwa imeukataa. Gathogo akautazama. Akanyoosha mkono, akauminya kidogo, akaona vidole vyake vimebaki pale kama mhuri. "Atiriri, hebu sikia," akasema, "mama, huu ugali wako haupasuki?" Nikamwambia wa mahindi meupe ungekuwa umemeguka, lakini huu wa yelo ukilala unakuwa kama udongo wa mfinyanzi. Alichukua bonge, akalipaka mafuta lisishike, akalibandika juu ya turbo. Lingine akaliweka juu ya ekseli, chini ya tumbo la injini. Akafunga bonneti, akamwambia Wanjohi apande mbele na kuruka. Wanjohi akaruka kama mtu wa sherehe. Tukafungua. Ule wa juu ulikuwa umelala bapa, mfupa wa bonneti umechorwa juu yake vizuri sana, hata ule mstari wa kutu ulionekana. Ule wa chini haukuguswa.

"Inataka kushuka," Gathogo akasema. "Kidogo tu."

Akakata vile vyuma vinavyoshikilia injini, akavichomelea upya, tukarudia. Nilisonga ugali wa kupimia kama vile nasonga wa kula, na watu wa maduka jirani wakaanza kuja saa ya mchana kuona injini ikilishwa. "Leo imekula ngapi?" walikuwa wakiuliza. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti kwamba watoto wanalala njaa na sisi tunapatia gari. Nilimchukua mkono nikamuonjesha ule wa juzi. Akatema, akacheka, akakaa chini kutazama na wengine. Na siku ilifika tukafungua bonneti na bonge la juu likawa limegusa kwa ngozi tu, limebaki nene kama kidole, na la chini vile vile. Gathogo alitoa yote mawili polepole, akayaweka kwa dirisha yakauke. Mtu anayejisifu hata akifunga kamba ya kiatu, na siku hiyo alitazama tu. Yale mabonge yalikaa kwa hilo dirisha miezi. Panya wa garaji walikuwa wanayapita kama watu wasiosalimiana.

Asubuhi ya kuiwasha baridi ya Nyeri ilikuwa inakata masikio. Tuliweka karai ya makaa chini ya tumbo lake, ipate joto kwanza, kama unavyofanyia mbuzi aliyezaliwa na mvua. Gathogo akageuza ufunguo. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi uliomfunika Wanjohi, halafu ikashika. Ngurumo nzito, ya chini, mpaka vikombe vyangu vikacheza kwa meza. Akaizungusha mjini kidogo, mimi kando yake, na akikanyaga nilikuwa nasikia filimbi nyembamba ikipanda ndani ya ile ngurumo. Hiyo ndiyo turbo. Nilicheka njia yote kama mtoto.

Sasa, madereva wetu wa wakati huo walikuwa na tabia moja, na wengine wako nayo mpaka leo. Mtu akifika kwake, kabla ya kuzima, anakanyaga mafuta mara ya mwisho, vuuum!, halafu anazima hapo hapo ngurumo ikiwa juu. Ilikuwa salamu. Mke akisikia anajua mwenyewe amefika, anapakua. Hakuna dereva aliyezima gari kimya, labda ameiba. Na Gathogo alikuwa amenifundisha mwenyewe, akirudia kama katekisimu, kwamba turbo ukiifanyia hivyo unaiua. Inakimbia kuliko kitu chochote ndani ya gari, na inakimbia ikioga mafuta. Ukizima ghafla, mafuta yanakoma na yenyewe bado iko mbioni. "Unamkausha mtu koo akiwa anakimbia," alisema. "Wacha ingurume pole pole kwanza. Mimina chai, onja, ndio uzime." Basi tunaingia garaji, watu wote wa maduka wamejaa kutuona, wanapiga makofi, na Gathogo, kifua mbele, akakanyaga vuuum! na mkono ukaenda kwa ufunguo. Nilimpiga huo mkono kofi lililosikika nje.

"Chai!" nikamwambia.

Mwanamke kupiga fundi mkono mbele ya watu, mwaka huo! Alinitazama, akatazama mkono wake, na akaanza kucheka mpaka kiti kikalia. "Wanjohi," akaita, "mletee mama chai. Mwanafunzi wangu amehitimu." Tukakaa ndani ya gari, injini inanguruma pole pole, tukanywa chai, watu wanatutazama kama sinema. Ndio akazima.

Waru za juu zilikuwa tayari na barabara ilikuwa imekuwa uji. Ndiritu alikuja garajini mwenyewe na kofia yake, akazunguka landrova, akaigonga na kidole. "Ni nzuri," akasema. "Lakini kile kilima si cha kupandwa na chai. Ikikwama nitaivuta. Na safari hii nikiivuta, siirudishi." Watu wakanitazama. Nikamwambia sawa, ukiivuta ni yako. Wambui alikuwa mgongoni na nilisikia moyo wake mdogo ukipiga pale kwa uti wangu, au ulikuwa wangu. Alipoenda, Gathogo akaniambia kwa upole, "Mama Wambui, kwa siku hiyo tu, wacha Wanjohi aendeshe. Mzigo ni mkubwa na wewe una mtoto." Hakuwa na ubaya. Nikamwambia, "Hapana. Hii gari haiendi mahali bila mimi." Akafikiri. "Basi mimi nitakaa nyuma juu ya waru," akasema. "Magurudumu ya nyuma yanataka uzito, na Mungu alinipatia."

Wanawake walipakia mpaka mabamba ya springi yakalala. Mtoto nilimwachia mmoja wao. Tuliteremka hadi mtoni, tukavuka daraja, nikaingiza gia ndogo, tukaanza kupanda kilima cha ng'ambo. Watu walikuwa wamejipanga juu kwa nyasi kama siku ya michezo. Mwanzo injini ilikuwa nzito, inavuta bila hamu, na nikataka kubadilisha gia kwa woga, lakini Gathogo alipiga kelele kutoka kwa magunia, "Mngoje! Anavuta pumzi!" Nikangoja. Filimbi ikaja. Ilianzia mbali, ikapanda, na gari ikasukumwa mgongoni na mkono ambao sikuuona. Tope likaruka hadi kwa paa. Nikapiga kona, na hapo, katikati ya kilima, kwa ile njia moja ngumu ya magurudumu, trekta ya Ndiritu ilikuwa imeegeshwa, mwenyewe amesimama kando, cheni tayari mkononi.

Nilisimama. Sikuwa na la kufanya. Gari ikazama kidogo, ikakaa. Kule juu nilisikia wanawake wakisema "woi, woi." Ndiritu akateremka akija na cheni yake, viatu vinanyonywa na tope.

"Pole, Mama Wambui. Si nilikuambia?"

"Uliniambia nikikwama," nikasema. "Sijakwama. Nimesimama. Ondoa trekta."

"Siwezi, nitateleza."

"Basi ondoka wewe."

Niliingiza gia ya chini kabisa, magurudumu yote manne, nikageuza usukani nje ya ile njia, kwa tope ambalo halikuwa limekanyagwa na mtu. Nikakanyaga, nikangoja, na huo ulikuwa muda mrefu kuliko mwaka wote wa yelo. Gari ilitetemeka mahali pamoja. Filimbi haikuja. Haikuja. Halafu ikaja, nyembamba, ikapanda, ikalia kama ndege, na landrova ikajinyanyua na kupita trekta kwa upana wa kiganja. Kioo cha pembeni cha trekta ya Ndiritu nilikikunja na mkono nikipita. Kule juu wanawake walipiga ngemi, vigelegele vyetu, mpaka mbwa wakakimbia. Gathogo aliteremka akiwa tope tupu, macho tu na meno, na kitu cha kwanza alifanya ni kuja kwa dirisha langu na kushikilia mkono wangu usiende kwa ufunguo. Haukuwa ukienda. Tulicheka mimi na yeye, injini ikinguruma pole pole, mpaka mtu akaleta uji na tukaonja.

Nitamsifu Ndiritu pia. Alipanda kwa miguu, akavua kofia, akasema mbele ya watu wote, "Hiyo ni gari. Na huyo ni dereva." Mwezi uliofuata alikuwa analeta waru zake kwangu wakati trekta imeshindwa. Na Jumapili iliyofuata nilipika pale garajini mukimo wa waru mpya zilizopondwa na majani, weupe na kijani, bila punje moja ya manjano. Wanjohi alilia kidogo akasema ni moshi. Gathogo alikula sahani, akakula nyingine, akaegemea ukuta, akatazama yale mabonge mawili pale dirishani. Akasema, "Mama Wambui, mimi nilikuwa sijui kama itawezekana." Nikamwambia, "Najua. Mbao zako ni nyembamba." Nimekaa na watu waliosoma, na mapadri, na wajukuu wenye vyeti, na bado sijaona mtu aliyeheshimika machoni pangu kuliko yule, na masizi kwa shingo, akijua kwamba nilijua na nikasonga ugali.

Injini ni ile ile. Imefunguliwa, imesafishwa, imepewa vipande vipya, lakini konokono ni ile ya Kerugoya. Kila atakayeketi kwa ile gari namfundisha chai kwanza.

Jana kamati ya mazishi ilikuja kwangu, Muthoni na wazee wa kanisa, wakakaa sebuleni. Waliongea kwa heshima, walizunguka sana. Mwishowe mzee mmoja akasema, "Cucu, gari tunashukuru. Lakini kilima kina utelezi, na miaka imeenda. Tumekutafutia dereva, kijana mzuri, ameendesha malori makubwa. Wewe utakaa na wajukuu kwa gari nyingine, starehe." Miguu inaniuma kweli, na macho ya jioni si yale. Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Tukatoka nje. Kijana alikuwa na adabu, alinisalimia kwa mikono miwili, akaingia kwa landrova, akaiwasha vizuri, akaitoa kwa banda, akaizungusha uwanjani mpaka mbele yetu. Filimbi ikalia, na Muthoni akafunika mdomo. Kijana akatuona wazee tumesimama, akataka kutuheshimu. Akakanyaga, vuuum!, na nikaona mkono wake ukienda kwa ufunguo.

Sikujua bado naweza kukimbia. Nilifika kwa dirisha, nikaushika huo mkono, na nikaushikilia. Injini ikashuka, ikanguruma pole pole, vile inapenda. Nikamwambia Muthoni aende jikoni amimine chai, alete hata kikombe cha babake, kile kikubwa alichokuwa akinywea hapa kwangu. Kijana akauliza, "Kwani nimefanya nini, cucu?" Nikafungua mlango, nikamwambia ashuke taratibu, nikapanda, nikashika usukani na mikono yote miwili. Yule mzee wa kamati akakaribia, akasema, "Lakini, cucu, kesho, kile kilima—"

"Hapana. Hii gari haiendi mahali bila mimi."